Enesi Alipokwenda Kusomea Ubingwa

Simu ilimkuta Enesi Namfukwe sokoni Tunduma, amechuchumaa mbele ya sinia la kapenta, anabishana bei na mwanamke wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa Zambia. Aliipokea kwa bega, mikono ikiwa imejaa samaki. Akasikiliza. Kisha akasimama ghafla, kapenta wakamwagika vumbini, akapiga ukelele uliowageuza watu hadi kwenye vibanda vya mitumba.

"Mayo, chinshi?" muuza kapenta aliuliza kwa Kibemba, akidhani pametokea msiba. "Mama, kuna nini?"

"Nimepata!" Enesi alisema. "Nimepata nafasi! Nakwenda kusoma!"

Yule mama akamtazama. Mbele yake alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na sita, ana watoto wawili, amevaa khanga kiunoni, na kila mtu pale sokoni alimjua kuwa ni daktari. "Kusoma tena?" aliuliza. "Si ulishamaliza?"

Ilikuwa mwaka 2009. Wakati huo Tunduma ilikuwa bado katika Wilaya ya Mbozi, mkoa wa Mbeya, na malori ya Zambia na Kongo yalipanga foleni barabarani mpaka mtu akasahau kwamba barabara ilijengwa ili magari yatembee. Enesi alikuwa na miaka saba ya udaktari. Alikuwa amezalisha wanawake wengi na amefanya upasuaji wa uzazi usio na hesabu. Lakini yale makubwa zaidi, kizazi kilichopasuka, mimba iliyotunga nje, uvimbe mkubwa kama boga, yote hayo yalipelekwa Mbeya kwa gari la wagonjwa. Mara nyingi alikwenda nao mwenyewe, ameshika dripu njia nzima. Wakifika, mgonjwa anapokewa, milango ya chumba cha upasuaji inafungwa, naye anabaki nje. Kilichokuwa kinamchoma Enesi kilikuwa kitu rahisi tu: alitaka kujua wanafanya nini huko ndani. Alitamani kama mtoto anavyotamani kuona mpira huku amezuiwa getini.

Mumewe, Venance, alikuwa wakala wa forodha pale mpakani, mtu wa maneno machache. Enesi alipomkuta ofisini kwake akihema, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Miaka mingapi?"

"Mitatu, Baba Joshua. Labda na kidogo."

Venance akakuna kidevu. "Joshua ataanza darasa la tano, mdogo wake ndiyo kwanza anaingia chekechea." Akacheka. "Nenda, Mama Joshua. Ukibaki utakuwa unanisimulia habari za Mbeya kila siku mpaka tuzeeke."

Kazi ilikuwa kwa mama yake. Bibi Tabita aliishi Ndalambo, mjane wa marehemu Efraimu, na alikuwa amemsomesha Enesi kwa maharage na mahindi aliyoyabeba kichwani kuyavusha hadi Zambia. Alipoambiwa, aliweka chini ungo aliokuwa akipepetea.

"Mwanangu, mwanamke anaacha nyumba kwa ajili ya masomo akiwa na mvi?"

"Mama, sina mvi."

"Zinakuja. Na hicho unachokwenda kusomea ni nini?"

"Magonjwa ya wanawake, Mama. Mambo ya kizazi."

Bibi Tabita alitazama pembeni. Kisha akaokota ungo wake. "Hayo ni mambo ya kufichwa," alisema. "Si ya kusomewa." Lakini siku ya safari alituma gunia la mchele na kuku wawili hai, na Enesi alipanda basi la Dar es Salaam akiwa na kuku hao miguuni.

Mwaka wa kwanza ulimpiga. Joto la Dar lilimvimbisha miguu. Wenzake wengi walikuwa vijana waliomaliza chuo juzijuzi, wanajua majina ya tafiti za mwaka jana. Kila asubuhi walikaa ukumbini kutoa ripoti, na aliyekuwa zamu alisimama mbele kueleza kila mgonjwa aliyemhudumia, alimfanya nini na kwa nini. Aliyewauliza maswali alikuwa Daktari Makene, mtu mfupi, mnene, mwenye sauti ya upole iliyowatoa watu jasho kuliko makelele ya wengine.

Enesi alikuwa na kasoro moja iliyowafurahisha wenzake. Akiwa ametulia, Kiswahili chake kilinyooka. Akichangamka au akiogopa, Kinamwanga, lugha ya kwao, kilimrudia mdomoni na mara nyingi "r" ikageuka "l". Siku ya kwanza aliposimama mbele alisema "mgonjwa alilipotiwa na dakitali wa zamu," ukumbi mzima ukacheka. Naye akacheka. Makene hakucheka.

"Endelea," alisema. "Mimi ninamsikiliza mgonjwa, sisikilizi herufi."

Siku chache baadaye Makene alimtazama Enesi akishona tumbo la mama aliyejifungua kwa upasuaji. Enesi alishona haraka, kwa mazoea ya miaka saba, akitarajia kusifiwa.

"Daktari Enesi," Makene alisema, "unawahi basi?"

"Hapana, Daktari."

"Basi fumua. Anza tena."

Alifumua mbele ya vijana wale wote, masikio yakiwaka moto. Alianza tena, polepole. Na hapo, kwa mara ya kwanza, aliziona tabaka za mwili jinsi zilivyokuwa, kila moja na rangi yake, kila moja ikimwonyesha sindano pa kupita. Miaka yote alikuwa anapita juu yake kama mtu anayepita kijijini na pikipiki. Alipotoka alimpigia Venance simu, akazungumza kwa kasi mpaka Venance akamwomba apumue.

Kuanzia hapo hakushikika. Alijifunza kusoma picha za mashine, akamwona mtoto wa wiki nane tumboni, moyo ukirukaruka kama punje ya mtama kwenye chungu kinachochemka. Alisaidia kuondoa uvimbe, kisha akaondoa mwenyewe. Alikuwa wa kwanza kufika wodini na wa mwisho kutoka. Vijana waliomcheka wakaanza kumwita Dada Enesi na kumfuata kwa maswali.

Katika mwaka wa pili, Makene aliingia darasani na soksi ya shule, ya sufu nzito. Alikuwa ameishonea kwenye mdomo wa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako. Akaivuta ile soksi kupitia chupa hadi nje, ndani ikawa nje, ikaning'inia.

"Hiki ni nini?"

Walioketi nyuma wakanyoosha shingo.

"Hiki ni kizazi kilichopinduka. Mama amejifungua salama, mnashangilia, kisha kizazi chenyewe kinafuata mtoto, ndani nje, kama soksi inapovuliwa vibaya. Wengi wenu mtastaafu hamjakiona. Lakini ukikiona, hutapata nafasi ya kufungua kitabu. Mama anaweza kufa mbele yako ukiwa bado unashangaa."

Akawaonyesha. Kwanza, kondo la nyuma likiwa bado limeshika, usilitoe, maana damu itamwagika kama bomba lililopasuka. Pili, sukuma kwa kiganja, mara hiyo hiyo, kabla mlango wa kizazi haujabana. Ukibana, tumia maji. Alitia chupa ndani ya beseni, akaingiza mpira wa dripu, akaziba upande uliokatwa kwa mkono wake, na msaidizi akainua chupa ya maji juu kabisa. Maji yakajaa, yakasukuma, na soksi ikarudi ndani yenyewe, taratibu, hadi ikakaa sawa. Darasa likapiga makofi.

Enesi alinunua soksi yake. Bwenini alirudia zoezi lile kwenye ndoo mpaka mwenzake wa chumba, Fausta, akalalamika kwamba ndoo ndiyo anayoogea.

Mwaka wa tatu, Makene aliandaa safari ya huduma za mkoba. Daktari bingwa na wanaosomea ubingwa wangezunguka vituo vya mbali kuwahudumia wanawake wasioweza kufika hospitali kubwa. Alipotaja kwamba wangeshuka bonde la Mkwajuni, upande wa machimbo ya Saza, Enesi aliinua mkono kabla sentensi haijaisha.

"Huko si kwenu," Makene alisema. "Kwenu ni mpakani."

"Ni kwetu, Daktari. Ukitokea Dar, kote kule ni kwetu!"

Walifika wakati mikwaju imezaa, joto limelala bondeni kama ng'ombe aliyeshiba. Kituo cha afya walichopewa kilikuwa kati ya Saza na Mkwajuni, kina chumba kimoja cha upasuaji, na kando yake leba, vimetenganishwa na ukuta wenye dirisha dogo juu karibu na dari. Nje wanawake walikuwa wamejaa, wengine wameletwa na pikipiki, wengine wametembea tangu alfajiri.

Saa nne asubuhi Makene aliingia chumba cha upasuaji na mama aliyekuwa na mtoto amekaa vibaya. Enesi alibaki leba na muuguzi mkunga wa kituo, Fides, mwanamke wa makamo aliyekuwa akifanya kazi huku anaimba chini chini. Kitandani alikuwa Getruda, mke wa mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Usukumani. Ulikuwa uzazi wake wa nne. Mtoto alitoka vizuri, wa kike, akalia kwa nguvu. Fides akamfunika, akacheka, akasema, "Huyu ataimba kwaya."

Ndipo Getruda akasema, "Nasikia vibaya."

Akawa mweupe midomo. Jasho likamtoka. Fides alitupa macho chini, wimbo ukakatika. "Daktari," alisema kwa sauti ndogo. "Daktari, njoo uone."

Enesi akaona. Kitu cha mviringo, chekundu, kikubwa kama kichwa cha mtoto, kimetoka nje, na kondo limekigandia. Hakuna aliyevuta, hakuna aliyekosea. Mambo haya mara nyingine hutokea tu. Kwa sekunde moja mwili wa Enesi ulipoa kama wa mgonjwa mwenyewe. Kisha akasikia furaha ya ajabu, ya kutisha, ikimpanda kutoka miguuni: *hiki nakijua.*

"Fides, dripu mbili, mikono yote miwili, zikimbie. Sindano ya maumivu. Na maji ya dripu mengine, yatie kwenye maji ya moto yapate uvuguvugu." Kisha akapaza sauti kuelekea dirishani. "Daktari Makene! Kizazi kimepinduka!"

Upande wa pili vyombo vilinyamaza. "Kondo umelitoa?"

"Sijalitoa!"

"Usilitoe! Mimi tumbo liko wazi, siwezi kuja. Unanisikia? Siwezi kuja. Sukuma!"

Enesi alivaa glavu ndefu, akakishika kizazi kwa kiganja, akasukuma kwa uthabiti kuelekea kitovuni. Kikaingia kidogo, kikagoma. Mlango ulikuwa umebana. Akasukuma tena. Getruda akaguna, macho yakamzunguka.

"Kimebana, Daktali!"

"Basi maji! Unajua la kufanya!"

Fides alileta chupa zikiwa na uvuguvugu. Lakini nguzo ya dripu ilikuwa fupi, na maji yalihitaji kutoka juu ili yawe na nguvu. Fides mwenyewe alikuwa mfupi na anahitajika kwenye mshipa. Enesi akageuka mlangoni. Pale nje alisimama mume wa Getruda, Bugalama, mrefu kupita fremu ya mlango, kofia mkononi.

"Wewe! Ingia!"

Bugalama akarudi nyuma hatua. "Mimi ni mwanaume, Daktari. Huku hatuingii."

"Leo unaingia! Mkeo anatuacha. Panda benchi hili, shika chupa hizi, inua mpaka ziguse dari. Tazama ukuta ukitaka."

Bugalama alimtazama mkewe mara moja tu. Akavua viatu, akapanda benchi, akainua chupa kwa mikono yote miwili, uso ameuelekeza ukutani. Enesi alirudisha kizazi ndani kadiri kilivyokubali, akaingiza mipira pamoja na mkono wake, akaziba kwa nguvu zake zote, kwa mkono mwingine akaibana nyama kuzunguka kifundo cha mkono uliomo ndani ili maji yasivuje.

"Fungua!"

Maji yakaanza kushuka. Mengine yalivuja, yakamlowesha hadi viatuni. Akabana zaidi.

"Juu zaidi!"

"Dari hii hapa, Daktari!" Bugalama alisema.

Maji yakajaa. Enesi akayasikia yakitafuta njia, uzito wa uvuguvugu ukisukuma vidole vyake. Hakuna kilichotokea. Bado hakuna. Fides alikuwa ameshika mkono wa Getruda, anamwita jina lake tena na tena. Kisha, taratibu sana, kile kibano kikalegea. Nyama iliyokuwa imejaa kiganjani mwake ikaanza kumkimbia, ikateleza, ikapanda, ikapita mlangoni, na kwa mpigo mmoja laini ikakaa. Mkono wake ulikuwa umeguswa na kuta za kizazi pande zote, ndani ni ndani, nje ni nje.

"Kimeludi!" alipiga kelele. "Daktali, kimeludi! Kimeludi!"

Kutoka upande wa pili wa ukuta ulisikika mtoto mwingine akilia. Makene alikuwa naye ametoa wa kwake.

"Mkono usiutoe!" Makene aliita juu ya kilio kile. "Toa kondo sasa, taratibu, ndani kwa ndani. Kisha dawa ya kukaza. Ngoja kishike ngumi yako ndiyo utoke!"

Alifanya hivyo. Kondo likatoka zima. Fides akachoma dawa. Enesi akangoja, na kizazi kikaanza kuukaza mkono wake, kigumu, kigumu zaidi, kama mtu anayekuamkia kwa kushukuru. Damu ikapungua. Rangi ikamrudia Getruda midomoni kidogo kidogo, akafungua macho na neno lake la kwanza likawa, "Yule juu ya benchi ni nani?"

"Ni mimi," Bugalama aliuambia ukuta. "Nishuke?"

Fides alicheka mpaka akakaa chini.

Makene alipomaliza kushona aliingia, akaweka mkono juu ya tumbo la Getruda, akalibonyeza. Akatazama macho, akahesabu mapigo, akatazama damu. Enesi alisimama kando, amelowa mwili mzima, akisubiri kuambiwa alichokosea.

"Tangu nianze kazi hii nimekiona mara mbili tu," Makene alisema. "Leo ingekuwa ya tatu. Umeninyima." Akatabasamu, tabasamu pana ambalo hakuna aliyesomea kwake aliyewahi kulisimulia. Kisha akageuka kwa Bugalama. "Na wewe, bwana, mikono yako haijambo?"

Getruda alilala kituoni siku kadhaa, akatoka akitembea. Bugalama alisimulia kisa hicho mnadani na machimboni, kila mara benchi likizidi kurefuka na maji yakizidi kuwa mengi. Fides alisema tangu hapo wanaume walianza kuwasindikiza wake zao hadi mlangoni, na mmoja au wawili waliuliza kama wanahitajika kushika chochote.

Enesi alimaliza masomo yake akiwa na miaka arobaini. Mtahini mmoja kutoka nje alimuuliza habari za kizazi kupinduka, akajibu kwa kirefu mpaka "r" zote zikamtoroka, na mtahini akaandika huku akicheka. Aliporudi Tunduma, mji ulikuwa umekatwa kutoka Mbozi na kuwekwa katika wilaya mpya ya Momba. Stendi ilijaa. Wanawake wa soko la kapenta walivuka kutoka Nakonde na ngoma zao, wakaimba Kibemba, Venance akabeba mizigo, Joshua akaona haya kwa sababu mama yake alicheza mbele za watu.

Alifanya kazi hospitali ya pale pale nyumbani, na wanawake ambao zamani wangepelekwa Mbeya sasa alianza kuwafanyia upasuaji mwenyewe.

Siku moja katika mwaka wake wa pili nyumbani, Bibi Tabita alishuka kutoka Ndalambo bila taarifa. Alikaa sebuleni, akakataa chai, akasubiri Venance atoke.

"Mwanangu," alisema, akitazama mkeka. "Hilo somo lako, linatibu hata wazee?"

"Linatibu, Mama. Unaumwa nini?"

Mama akamweleza kidogo kidogo. Kizazi chake kilikuwa kimeshuka tangu Enesi akiwa mtoto mdogo. Alikuwa akikifunga kwa kitambaa, akabeba mahindi, akavuka mpaka, akalima, akaimba kanisani, na hakumwambia mtu, hata marehemu Efraimu hakuambiwa yote. "Nilidhani ndivyo wanawake tulivyo," alisema. "Kisha nikamwona Marita wa jirani, uliyemtibu. Sasa anaruka mifereji."

Enesi alimkumbatia, akalia na kucheka kwa pamoja. "Kwa nini hukuniambia, Mama? Nilipoondoka?"

"Ungekuwa na wasiwasi njiani. Na ulikuwa na kuku miguuni."

Hakumfanyia upasuaji yeye mwenyewe, kwa kuwa mkono wa mtoto hautulii kwa mama. Alimwita daktari bingwa mwenzake kutoka Mbeya, na Enesi akasimama kichwani pa mama, amemshika mashavu mpaka kila kitu kikaisha. Bibi Tabita alipona vizuri. Baada ya miezi michache aliingia sokoni Tunduma, akaketi katikati ya wauza maharage, na mambo ya kufichwa akayatoa hadharani kwa sauti ya mtu anayenadi bidhaa.

Jumatatu iliyofuata Enesi alipofika kliniki alikuta benchi zote zimejaa. Walikuwa akina bibi, wa Ndalambo, wa Nakonde, wa mitaa ya mjini, wamevaa vitenge vyao vizuri kama wanakwenda harusini, wanazungumza Kinamwanga na Kibemba kwa pamoja na kucheka. Mmoja alipomwona aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Daktari, sisi wa Tabita. Tunaanza na nani?"

Enesi alikunja mikono ya koti lake. "Na wewe, Bibi," alisema. "Kalibu ndani."